Wawili Waliolala Katika Shamba la Izia

“Na huyu wa pili ni nani?”

Baba Paroko, viongozi wa mtaa na wa kata, wageni mliopanda kutoka Milepa na mliotoka Wampembe ziwani, ndugu waombolezaji, swali hilo liliulizwa hapahapa Izia asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, na kijana Evans, dereva wa mtambo wa kijiko uliokuwa ukichimba njia ya barabara mpya, alipozima mashine yake na kuteremka baada ya kuona kwamba ndani ya tuta alilolikata mlikuwa na mifupa ya watu wawili, wamelazwa ubavu kwa ubavu, mmoja ana vifungo vya shaba kifuani na mwingine hana kitu. Mhandisi alikuwepo, akapiga simu, afisa alikuwepo, akapiga picha za vifungo, na kabla wiki haijaisha tayari ilijulikana mpaka mtaa aliozaliwa mwenye vifungo. Swali la Evans halikujibiwa na mtu. Bibi Gaudiosa, mwenye shamba, alikuwa amesimama palepale na fimbo yake, umri miaka themanini na saba, akili timamu, na hakuna aliyegeuka kumwuliza.

Familia imesimama leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, kumjibu Evans, na kwa kuwa historia ya marehemu ina hatua zake, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, tutazifuata zote, tena kwa wote wawili, maana shimo lilikuwa moja na hatuoni kwa nini historia ziwe mbili.

Marehemu Auguste Perrodin alizaliwa tarehe 14 Machi 1861 katika mji wa Saumur, Ufaransa, mtoto wa pili wa mfanyabiashara wa divai, akabatizwa siku ya tatu. Marehemu Ndalahwa alizaliwa hapa Izia, siku haikuandikwa, mwezi haukuandikwa, na mwaka tunaukisia kuwa 1872 au karibu na hapo, kwa sababu wazee walisema ulikuwa mwaka wa nzige waliokula ulezi ukabaki mabua. Msisikitike upande mmoja tu. Mtu aliyezaliwa bila kuandikwa alizaliwa vilevile, na mama yake aliumwa uchungu uleule.

Kwa upande wa elimu, marehemu Auguste alisoma kwa mapadre, kisha akaingia chuo cha maofisa, akajifunza kupima nchi kwa nyota na kuchora ramani, na marehemu Ndalahwa alisoma kwa baba yake, kwenye tanuri la udongo refu kuliko mtu, akajifunza kuchagua mawe yenye chuma, kuchoma mkaa, na kusubiri moto bila papara hadi jembe litoke. Shule zote mbili zilikuwa na viboko.

Kwa upande wa kazi, marehemu Auguste alikuwa mvumbuzi, kama kazi hiyo ilivyoitwa, aliyetumwa na chama cha wasomi wa kwao kwenda kuona nchi ambazo, kwa maneno yao, hazijaonwa, na marehemu Ndalahwa alikuwa anabeba majembe ya baba yake kutoka Izia kwenda kuyauza Wampembe, anarudi na chumvi na samaki wakavu, njia ambayo wazazi wake waliipita na wazazi wao waliipita, kwa hiyo ilikuwa imeonwa sana. Ndipo walipokutana. Tarehe 2 Aprili 1897 marehemu Auguste alishuka Wampembe kwa mashua kutokea Ujiji, na watu wake, mkalimani wake na sanduku lake la makaratasi, akauliza nani anayeijua njia ya kupanda Ufipa na kushuka hadi ziwa Rukwa, na vijana wa pwani ile wakamwonyesha Mfipa mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wa chumvi anacheka na wavuvi. Ndalahwa aliahidi kumfikisha na kumrudisha. Alikuwa na mjomba wake, mtu mwenye makovu ya ndui usoni, aliyeipata utotoni ikamwacha hai, na wote wawili wakaondoka na msafara ule.

Hapa familia inaomba usikivu wenu, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipozaliwa.

Msafara ulifika Izia katikati ya mwezi Aprili, wakati ambao kila mwenye shamba kwetu anajua mashamba yanakuwaje. Mnakusanya majani, mnayafukia kwa udongo, mnainua tuta la mviringo, lile tunaloliita ntumba, mnapanda maharage juu yake, na majani yanaoza humo ndani taratibu hadi mvua za Novemba, ndipo mnakuja na majembe mnafumua matuta yote, udongo ule mweusi unasambaa, mnamwaga ulezi. Marehemu Auguste hakuyajua hayo. Alitokea kwenye kilima akaona matuta ya mviringo, mamia kwa mamia, safi, mapya, na haoni mtu hata mmoja, kwa sababu watu walikuwa wamesikia bunduki zinakuja wakaondoka na mbuzi wao. Akaandika kwamba amefika kwenye pori la makaburi, nchi ambayo watu wake wamekufa wote, na kwenye ramani akaweka alama ya pori tupu.

Ndalahwa alipofasiriwa alicheka. Tunalijua hilo kutoka kwenye kitabu chenyewe, kwa sababu makaratasi ya marehemu Auguste yalifika kwao na dada yake akayachapisha mwaka 1901, na sentensi ile ipo, imetafsiriwa na kunukuliwa hata katika vitabu ambavyo vijana wetu wanasomeshwa vyuoni: kwamba mtu wake wa Kifipa alicheka mbele ya makaburi ya ndugu zake, na kwamba hii inaonyesha Wafipa hawana huzuni kwa wafu wao.

Alicheka kwa sababu yalikuwa maharage.

Tena hakuwa anacheka shamba la mtu mwingine. Lilikuwa shamba la baba yake, na baadhi ya matuta yale aliyainua yeye na mke wake mwezi Machi kabla hajaondoka na mzigo wa majembe. Katika kitabu kizima haitwi Ndalahwa hata mara moja, anaitwa mtu wangu.

Kwa upande wa ndoa, marehemu Auguste hakuoa. Marehemu Ndalahwa alioa baada ya mavuno ya mwaka 1896, kwa majembe aliyoyafua yeye mwenyewe, binti aliyekuja kubatizwa uzeeni kwa jina la Cornelia, na ndiyo sababu tunamwita hivyo. Kwa upande wa watoto, marehemu Auguste hakujaliwa, na marehemu Ndalahwa alijaliwa mtoto mmoja, Alphonce, aliyezaliwa Januari 1898, hakumwona baba yake, akakua, akalima, akafariki mwaka 1971, na Alphonce ndiye aliyemzaa Bibi Gaudiosa mwaka 1938. Bibi Gaudiosa alilala kitanda kimoja na bibi yake Cornelia hadi Cornelia alipofariki tarehe 12 Mei 1949, na yote tutakayosema kuanzia sasa aliyasikia kwake, katika giza la chumba kile, mdomo kwa sikio.

Ugonjwa ulianzia bondeni, Milepa, katikati ya mwezi Mei. Ilikuwa ndui. Wapagazi walipoona vipele usoni kwa marehemu Auguste walichukua sanduku na bunduki wakakimbilia Wampembe, na hatuwalaumu, ndui haikuwa mchezo. Walibaki wawili, Ndalahwa na mjomba wake mwenye makovu, ambaye ndui ilikuwa imeshamalizana naye. Wakatengeneza machela kwa miti na ngozi, wakamweka mgonjwa, wakaupanda ukingo ule wa bonde ambao leo gari linaupanda kwa gia ya kwanza. Bibi Gaudiosa alipokuwa mtoto aliwahi kumwuliza bibi yake kwa nini babu hakumwacha kulekule, na Cornelia akamjibu, “Si alisema atamrudisha,” akageukia ukutani.

Walipofika kwenye shamba hili Ndalahwa naye alikuwa amekwisha kuwaka homa. Baba yake akatoka na wazee wa kijiji, wakasimama mbali.

“Usisogee, mwanangu,” baba yake alimwambia. “Hapa kuna watoto. Na mkeo ana mimba.”

“Sisogei, baba. Mwambie asije.”

“Mwambie mwenyewe, yuko nyuma yangu ananivuta nguo.”

Na Ndalahwa, jamani, akacheka tena. Akamwambia mke wake kwa sauti ya juu ili ivuke shamba zima, “Mama nanihii, huyu mgeni anasema nyumbani kwetu ni makaburini, kwa hiyo pika chakula cha wafu wawili, tena kisiwe kidogo.” Cornelia alisema watu walicheka, hata wazee.

Wakajenga kibanda cha majani katikati ya matuta. Kila asubuhi Cornelia alisonga ugali wa ulezi akauweka kwenye vibuyu viwili juu ya jiwe lililokuwa kati ya kijiji na shamba, akarudi nyuma, na mjomba akaja kuvichukua, na jioni akavirudisha. Kibuyu cha Ndalahwa kilikuwa na alama ya kuungua pembeni. Kwa muda vilirudi vitupu vyote viwili. Kisha kikaanza kurudi kimejaa kile kisicho na alama, na Cornelia akajua mgeni amekufa, akasonga ugali mwingi zaidi kwa huyu aliyebaki. Kisha kikarudi kimejaa chenye alama. Akakiacha palepale juu ya jiwe. Asubuhi yake akapika tena, akapeleka, na jioni kikarudi kimejaa, na mjomba akasimama mbali, akanyoosha mkono kuelekea shambani, akasema, “Wako pale.”

Hakuonyesha ni tuta lipi. Alikuwa amewazika peke yake katika shimo moja, akawafukia, na kwa kuogopa fisi akawawekea majani na udongo, akainua tuta juu yao kama matuta mengine. Kijiji hakikumruhusu kuingia, akashika njia ya Wampembe, na mpaka leo hatujui alikoishia. Kitabu kinasema marehemu Auguste alifariki tarehe 9 Juni 1897 akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, lakini hakuna aliyeandika kitabu kile aliyekuwa hapa. Marehemu Ndalahwa alifariki baada yake, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi, nje ya nyumba yake, akiiona.

Wako pale. Pale wapi? Shamba zima lilikuwa matuta.

Mwezi Novemba mvua ikaanza, watu wakaja na majembe kufumua, kama kila mwaka. Wakamkuta Cornelia amelala chini mwanzo wa shamba, tumbo limekwisha kuwa kubwa.

“Ondoka hapo, mwanangu, unalowa,” mkwe wake alimwambia.

“Hamfumui.”

“Tutakula nini?”

“Mtakula cha shamba la bondeni. Hapa sijui ni lipi, baba. Ninyi mnajua ni lipi?”

Mzee yule alisimama na jembe lake begani, mvua inampiga, akatazama matuta moja moja. Halafu akalishusha jembe, akasema kwa wenzake, “Twendeni bondeni.”

Tangu siku ile shamba hili halikulimwa. Alphonce hakulilima, akaapishwa na mama yake. Bibi Gaudiosa hakulilima. Mvua zilishusha matuta hadi yakawa vivimbe tu chini ya nyasi, nyumba za Izia zikaja zikalizunguka, barabara ikaja, umeme ukaja, na kipande kile kikabaki nyasi kimo cha kifua. Majirani walimtania. Jirani yetu Rozina, ambaye yuko hapa na atanisamehe, alizoea kumwambia, “Bibi Gaudi, kiwanja chote hicho unafuga majani? Au unasubiri yazae?” Na Bibi alimjibu, “Yameshazaa, wewe huoni tu,” wakacheka, Rozina akaenda zake hajui amejibiwa nini.

Kwa hiyo, wapendwa, angalieni tulipofikia. Msomi mmoja alipita akasema hapa ni pori na makaburi, ikawa si kweli. Akafa hapa, na kwa kufa kwake shamba likawa kaburi kweli, na kwa huzuni ya mwanamke mmoja likageuka pori kweli. Na kitabu kile kinaendelea kusema Wafipa hawawalilii wafu wao. Miaka mia moja ishirini na minane hatukula kutoka kwenye ardhi hii nyeusi, iliyo nzuri kuliko zote tulizonazo, kwa sababu hatukujua ni tuta gani. Hata mwaka wa njaa wa 1949, ambao Cornelia alifariki akiwa mwepesi kama mtoto, jembe halikuingia humu. Kama huko si kulia, basi tufundishwe kulia.

Baada ya mifupa kupatikana, kamati ya kumbukumbu iliundwa, ikaandaa bango, nanyi mmeliona limeegemezwa pale kwenye ofisi ya mtaa. Linasema: “Hapa, katika pori la Ufipa, alifariki mvumbuzi Auguste Perrodin, 1861 hadi 1897, pamoja na mpagazi.” Na imependekezwa kipande kilichobaki baada ya barabara kiwe bustani ya Perrodin, kwa kuwa kwenye ramani kinasomeka eneo la wazi lisilotumika. Bibi Gaudiosa alikwenda ofisini, akasindikizwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Obed, akaomba jina la babu yake liandikwe, na kwamba babu yake hakuwa mpagazi, alikuwa kiongozi wa njia, na hapa si porini, ni shambani kwake.

“Tunakuelewa, Bibi, ila tunahitaji uthibitisho,” afisa alimwambia.

“Mwenzake mlimthibitisha kwa nini?”

“Kwa vifungo, Bibi. Vina nembo.”

“Kwa hiyo babu yangu kosa lake ni kukosa shati.”

Bango halikubadilishwa. Familia haina ugomvi na afisa, naye ana taratibu zake, lakini inauliza mbele yenu wote, kwa sauti inayosikika: vifungo vitatu vya shaba ni uthibitisho, shamba zima lililoachwa bila kulimwa vizazi vitatu, katikati ya mji unaogombania viwanja, si uthibitisho? Mtu ataacha ardhi kama hii kwa ajili ya nani, kama si wa kwake?

Hata hivyo hatukuja hapa kumzika mmoja kwa hasira na mwingine kwa machozi. Marehemu Auguste alikuwa na mama, na mama yule alisubiri. Tuliandika kwao, hakuna aliyeweza kuja, ukoo umetawanyika. Ndiyo maana jana jioni, jeneza lake lilipoingia kwenye turubai bila mtu wa kulipokea, Bibi Gaudiosa aliinuka, akakaa karibu nalo, akasema, “Mgeni wa babu ni mgeni wangu,” na akina mama wakaanza kulia, wakamlilia kama tunavyolia sisi, kwa sauti. Aliyeandika kwamba hatuwezi ameliliwa na sisi. Tunamsamehe kicheko alichokielewa vibaya.

Familia inamshukuru daktari aliyeipanga mifupa ya wote wawili kwa uangalifu uleule, ambaye kabla hajaigusa alimwendea Bibi akamwambia, “Shikamoo Bibi, naomba ruhusa ya kuwashika wazee,” na Bibi akaona kwamba sasa anaongea na mtu. Inamshukuru Evans, aliyezima mashine wakati angeweza kuendelea, na wafanyakazi wenzake wa barabara waliochanga wakanunua jeneza la pili, baada ya mifupa ya Ndalahwa kukaa kwenye mfuko wa salfeti kwa wiki nzima. Inamshukuru Mzee Obed, Baba Paroko, kwaya, majirani wa Izia waliopika na kulala nje, na dada Rozina, ambaye tangu alipoambiwa habari ya majani yale hajatania tena, na tunamwomba aanze, maana Bibi anamkosa.

Auguste mwana wa Saumur, Ndalahwa mwana wa Izia, leo kila mmoja ana jeneza lake na jina lake, basi laleni, safari imerudi nyumbani, na amani ikae nanyi.

Sasa tunajua lilikuwa tuta lipi, na lile lililomfanya Cornelia alale kwenye mvua limekwisha. Bibi Gaudiosa ametutuma tuwaombe jambo moja. Novemba mvua ikianza, kabla hawajaja na uzio wao wa bustani, njooni hapa asubuhi, kila mmoja na jembe lake, tufumue matuta tumwage ulezi, wakija wakute shamba.